Bruyeri, mchanga na kinamasi za Ubelgiji: jibu kwa dada wa Katuba anayeenda Genk

Swali: "Yaya, jambo. Niko wa Katuba, hapa Lubumbashi, nafundisha biolojia kwa sekondari. Mwezi wa munane naenda Ubelgiji miezi tatu kwa dada yangu mukubwa, anaishi Genk. Bantu bote bananiambia niende Brussels, nipige picha, nirudi. Mi nataka kuona zile mbuga za bruyeri, vilima vya mchanga na dembo zao (kinamasi), kwa miguu ao kwa kinga (baiskeli). Lakini naogopa kupotea, falanga sina mingi, na shemeji anasema kule hakuna cha kuangalia, ni majani tu. Tena Mama yetu atakuwa pale, anaumwa magoti. Naye anaweza?"

Mudogo wangu, jambo sana. Swali lako limenifurahisha juu hata mi nilifika kule mara ya kwanza na maneno hayo hayo kwa masikio, "ni majani tu", na nilikaa karibu mwezi muzima bila kutoka mu muji, na nilikuwa nimeenda kusoma udongo na mimea! Kwa hiyo nianze na ile neno ya shemeji, maana ukiiamini, yale mengine yote nitakayokuambia hayatakusaidia kitu.

Wewe ni mwalimu wa biolojia, bila shaka umeshaona kilima cha shaba, kile kisichokuwa na miti, majani mafupi tu na maua yake ya pekee. Haumaniastrum katangense, ua la shaba, unalijua, bantu ba zamani na bajeolojia balikuwa banaliangalia kujua shaba iko wapi. Pale mimea mingine inashindwa juu shaba inaiua, na lile ua linapata nafasi yake. Sasa weka hiyo picha kwa kichwa, juu bruyeri ni hadithi ya namna hiyo hiyo, isipokuwa pale si sumu ya shaba, ni umasikini wa udongo. Ni mchanga, ni mukali kwa asidi, chakula hakuna, na kile kimuti kifupi kinaitwa Calluna vulgaris, njo bruyeri yenyewe, kinaishi pale raha mustarehe juu wengine bameshindwa.

Na kitu ambacho watalii mingi hawakijui, ile mbuga si pori lililoachwa vile. Ni kazi ya mikono. Zamani kulikuwa musitu, bantu bakakata, bakaleta kondoo, kisha bakawa banachuna ile ngozi ya juu ya udongo na jembe, mizizi na majani yake yote, banapeleka kwa kibanda cha mifugo, inachanganyika na mavi, kisha banaimwaga kwa mashamba karibu na kijiji. Miaka mia kwa mamia. Shamba likanona, mbuga ikazidi kuwa masikini, na bruyeri ikazidi kuenea. Mbolea ya dukani ilipokuja kazi hiyo ikaisha, na fasi kubwa kubwa zikapandwa misonobari, mingi juu ya kupata miti ya kushikilia mashimo ya makala ya mawe chini ya ardhi. Kwa hiyo ukiwa pale Limburg, jimbo la Genk, unatembea kati ya misonobari iliyosimama kwa mistari, ujue hiyo ni miti ya mine. Mutoto wa Lubumbashi anaweza kuisoma hiyo hata bila mutu kumuelezea.

Adui ya bruyeri leo ni chakula kingi. Azoti inatoka kwa magari na mifugo, inapanda hewani, inashuka na mvula, inalisha udongo, na jani moja refu linaitwa Molinia linakula chakula hicho linafunika kila kitu. Njo maana utakuta kundi la kondoo na mutunzaji wake katikati ya mbuga, na fasi zingine utakuta mashine imechuna udongo wa juu paka mchanga mutupu unaonekana, na utafikiri bameharibu. Hapana, ni dawa ile. Banaondoa chakula ili bruyeri irudi. Simama pale uangalie vizuri, piga hata picha kwa ajili ya banafunzi wako, juu ni somo ambalo kitabu hakiwezi kulionyesha hivi.

Tarehe zako ni nzuri sana. Calluna inachanua kuanzia katikati ya mwezi wa munane paka karibu katikati ya mwezi wa tisa, rangi ya zambarau mbuga nzima, na nyuki kelele. Kwa hiyo mpango wako uwe bruyeri kwanza, wiki ya pili ao ya tatu ya kukaa kule, kisha mchanga wa bahari mwezi wa tisa, na kinamasi mwezi wa kumi majani yakiwa yamegeuka rangi ya zahabu. Usigeuze huo mufuatano.

Na una bahati, Genk iko kwa mulango kabisa. Parke ya Hoge Kempen inaanzia pale, ilifunguliwa mwaka 2006, njo ilikuwa parke ya taifa ya kwanza ya Flanders (Ubelgiji ya kaskazini), na hakuna kulipa kuingia. Kattevennen ni mulango wa upande wa Genk wenyewe. Lakini kwa bruyeri mi ningekutuma Mechelse Heide, upande wa Maasmechelen, juu pale mbuga iko pana, inapanda na kushuka, na kuna njia ya kinga ya juu, kama daraja ya mbao, karibu mita 300, unapita juu ya bruyeri bila kuikanyaga. Mule Genk kwenye mabwawa ya Bokrijk kuna nyingine ya mita 212 iliyokata katikati ya bwawa, unaendesha kinga na maji iko sawa na macho yako pande zote mbili, bata wanapita kwa urefu wa uso. Hiyo wape banafunzi.

Sasa kupotea. Ondoa hiyo woga. Kule Limburg kuna mambo ya namba, na aliyeyatunga ni mhandisi wa mine, Hugo Bollen, mutandao wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1995, miaka mitatu nyuma ya shimo la mwisho la makala la Limburg kufungwa, lile la Zolder, 1992. Ni hivi: kila njia panda ya kinga imepewa namba. Ukifika kwa namba 70 kwa mfano, pale pale kuna kibao chenye mishale, huku namba fulani, huku namba nyingine. Nyumbani unaangalia karte, unaandika kwa karatasi namba zako kwa mufuatano, unaifunga kwa usukani na elastiki, unaenda namba moja moja. Telefone ikizima haina neno. Nimeenda siku nzima hivyo, sikumuuliza mutu hata mumoja. Kuna kitu kimoja tu cha kuangalia, bantu ba miguu bako na namba zao zingine na bibao vya rangi ingine, kwa hiyo usichanganye, namba ya kinga ufuate na kinga. Na ukipata shida ukaita 112, uwaambie namba ya mwisho uliyopita, inasaidia kujua uko wapi.

Juu ya kinga yenyewe. Usinunue mupya, tafuta ya okazio ao omba ya jirani, Genk kila nyumba iko na moja inalala kwa garaji. Mbele ya kutoka zungusha pedale kinyume uone, juu kinga mingi za kule freni ya nyuma iko kwa miguu, ukirudisha pedale tu inakamata, na mutu aliyezoea kinga za hapa kwetu, za kubeba makala, atajikuta amesimama ghafula katikati ya barabara. Taa ya mbele nyeupe, ya nyuma nyekundu, usiku ni lazima. Kibao cha duara cha bluu chenye kinga ni kusema pita hapa, cheupe chenye duara nyekundu na kinga ndani ni kusema kinga hapana, na mu mbuga zilizolindwa utakikuta mara mingi, basi ushuke, uifunge, uende kwa miguu. Wanakaa upande wa kuume sawa hapa kwetu, hiyo haitakusumbua, lakini gari inayotoka kwa kuume kwako mara mingi iko na haki ya kupita kwanza hata kama barabara yake ni ndogo. Hiyo uishike sana.

Kuna fasi moja nataka uende hata kama utaacha zingine zote. Lommel, karibu kilometa 40 kutoka Genk, kaskazini. Kuna jangwa la mchanga mweupe banaliita Lommelse Sahara, na munara wa mita 30 hivi wa kupanda kuangalia. Bantu banaenda pale kupiga picha ya jua ikilala, ni pazuri kabisa, lakini uliza kwa nini miti haikuwako. Ilikuwa usine ya zinki, ilifungwa mwaka 1974, moshi wake uliua mimea, na tena balichimba mchanga pale, na upepo ukamaliza kazi. Ukisimama kule juu utafikiria Penga Penga tu, haiwezekani usifikirie. Hapa kwetu moshi wa shaba ulikausha kila kitu upande unaokwenda upepo, na banaprofesa na banafunzi ba UNILU (yunivasite ya Lubumbashi) balijaribu kupanda majani madogo yanayovumilia shaba, Microchloa kunthii, ili udongo usiruke na vumbi isiingie kwa nyumba za bantu. Kule Lommel bamepanda misonobari kuzunguka ule mchanga na kuacha katikati wazi, sasa ni hifadhi, familia zinakuja na watoto. Mi nililia pale, nakuambia ukweli, juu niliona kumbe kidonda cha usine kinaweza kutunzwa paka kinakuwa fasi ya kutembelea.

Bahari. Pwani yao yote ni kilometa 67 hivi, na kuna tram inaipita kutoka Knokke paka De Panne, kwa hiyo hata bila gari unashuka popote, unatembea, unapanda tena mbele. Nyumba za gorofa zimekula sehemu kubwa ya vilima vya mchanga, huo ndio ukweli, lakini pale mwisho, De Panne, kando ya mupaka wa Ufaransa, kuna hifadhi ya Westhoek, imelindwa tangu 1957, hektari karibu 340. Kinga hapana kule ndani, ni miguu. Vaa viatu vilivyofungwa, juu kuna kimuti kinaitwa argusie, miiba yake mikali na matunda ya rangi ya chungwa, mwezi wa tisa yameiva. Angalia yale majani marefu magumu kwa juu ya kilima: ni oyati. Upepo ukileta mchanga ukayafunika, yenyewe yanakua kwenda juu, yanashika mchanga mupya na mizizi, na kilima kinapanda. Ukiyakanyaga yakifa, upepo unafungua tundu, na tundu linazaa tundu. Njo sababu ya kamba na vibao, si roho mbaya.

Na chini ya vile vilima kuna maji tamu. Mvula inaingia kwa mchanga, inajikusanya, inakaa juu ya maji ya chumvi juu ni nyepesi kuliko ile. Mabonde ya katikati, yale ya chini, yanajaa maji mwezi wa baridi, na jina De Panne lenyewe linatoka kwa hayo mabonde. Upande wa Koksijde tangu 2002 banachukua maji machafu ya muji, banayasafisha sana, banayarudisha kwa mchanga, kisha nyuma ya wiki kadhaa banayavuta tena kuwa maji ya kunywa. Sisi tunaoamka usiku kuchota maji juu bomba inatoka kwa masaa yake, tunapaswa kuelewa thamani ya kilima cha mchanga ambacho hakijajengwa.

Ukiwa na siku moja zaidi, nenda upande mwingine, Zwin, karibu na Knokke, kule bahari inaingia na kutoka mu matope ya chumvi na ndege ni bengi. Mwezi wa tisa angalia mbayuwayu wanavyojikusanya. Wanajitayarisha kuja huku kwetu. Wakati utarudi Lubumbashi mvula ikianza, wale wanaopita chini chini juu ya dembo, wengi wanatoka kule Bulaya.

Nimeacha kinamasi kwa mwisho juu pale nataka unisikilize vizuri. Hautes Fagnes, mashariki, treni paka Verviers ao Eupen, kisha bisi. Botrange, fasi ya juu kuliko zote za Ubelgiji, ni mita 694, na mwaka 1923 balijenga kilima kidogo na ngazi ili ifike 700. Lubumbashi iko karibu mita 1,200, kwa hiyo ukiambiwa "mulima" usitarajie mulima. Ni tambarare ya juu, imelowa, na kuna turbu, ni mabaki ya mimea, mingi ni mousse, kamumea kadogo ka maji kanaitwa Sphagnum, yasiyooza juu maji na asidi vinazuia. Inajijenga karibu milimeta moja kwa mwaka. Hesabu: meta moja ya turbu ni karibu miaka 1,000, na kiatu chako kinaweza kuiharibu kwa sekunde moja. Kwa hiyo bameweka njia za mbao, na fasi zimegawanywa kwa herufi: A ni huru, B unafuata njia zilizowekewa alama tu, C ni paka na guide aliyekubaliwa, D ni hapana kabisa. Bendera nyekundu ya hatari ya moto ikipandishwa, rudi, hata kama umetoka mbali. Mwezi wa ine 2011 moto ulikula karibu hektari 1,000 kule, na turbu ikikauka inaungua na chini.

Si mbao tu, ni hali ya hewa. Ukungu unashuka kwa dakika kumi na hauoni mutu aliye mbele yako. Kuna musalaba kule unaitwa Croix des Fiancés. Mwezi wa kwanza 1871 kijana François Reiff na muchumba wake Marie Solheid balitoka Jalhay kwenda Xhoffraix kutafuta makaratasi ya ndoa, theluji ikabakuta njiani. Balipatikana mwezi wa tatu, na kwa nguo za Marie kulikuwa kakaratasi ka François kanasema Marie amekufa, na yeye atakufa. Marie alikuwa mutu wa pale pale, si mugeni. Kwa hiyo mwezi wa kumi ukienda, nenda na mwenzako, anza asubuhi, na zile mbao zikilowa zinateleza sawa samaki, tembea pole pole. Mi niliwahi kukata njia nikitafuta kuona jani moja karibu, hatua tatu tu, na muguu ukaingia paka juu ya goti, na kuutoa ilikuwa kazi ya dakika nyingi, niko peke yangu, baridi inaanza. Siku hiyo nilielewa ile alama ya B.

Kinga mule ndani karibu kote haziruhusiwi. Lakini kuna Vennbahn, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya kinga, kilometa 125, kutoka Aachen Ujerumani paka Troisvierges Luxembourg, inapita kando kando ya ile nchi ya kinamasi. Juu ilikuwa reli haipandi kwa nguvu, magoti hayataumia. Fanya kipande cha kilometa 20 ao 30, inatosha.

Jambo la afya, na hili usilipuuze hata kidogo: kupe. Si simba, si nyoka. (Nyoka yupo mumoja wa sumu, vipera mdogo, anakimbia akisikia miguu.) Kupe wa kule anakaa kwa majani marefu na bruyeri, anaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Vaa pantalo ndefu, ingiza ndani ya soseti, na jioni kabla ya kuoga jiangalie nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwa nywele. Ukimukuta, kamata karibu na ngozi na kibanio cha kupe, kinauzwa kwa farmasi, vuta pole pole. Mafuta hapana, moto hapana. Andika tarehe. Kama mu mwezi ule unaona duara nyekundu inayozidi kupanuka, nenda kwa daktari siku hiyo, kuna antibiotiki. Na kwa mialoni ya Limburg kuna viwavi vinavyotembea kwa foleni, manyoya yao yanawasha sana, na viota vyao vinabaki hata mwezi wa munane, usikae chini ya muti wenye vile viota.

Falanga: parke bure, namba bure, chakula beba cha nyumbani, gharama ni treni na tram tu, na kinga ukiipandisha kwa treni inalipiwa tike yake. Beba koti ya mvula kila siku hata kama asubuhi ni jua. Na uangalie saa. Hapa tumezoea jua inalala karibu wakati mumoja mwaka muzima, kule mwezi wa munane inakaa paka karibu saa tatu ya usiku, na mwisho wa mwezi wa kumi, wakisharudisha saa nyuma, inalala mbele ya saa kumi na mbili. Bageni mingi banashikwa na giza njiani juu ya hiyo.

Mama sasa. Kinamasi hapana, zile mbao zinateleza na hakuna pa kukaa kwa haraka. Lommel anaweza kukaa pembeni ya mchanga, munara amuachie mutoto wake. Lakini bahari ni yake kabisa. Mupande ile tram kutoka mwanzo paka mwisho, ni zaidi ya saa mbili amekaa, anaona maji na mchanga bila kupiga hatua, na De Panne kuna njia ya simiti kando ya bahari, tambarare, na mabenchi, atakungojea pale na chai yake wakati wewe unaingia Westhoek. Muanzie Knokke, na mukae upande wa kuume, njo upande wa bahari.